Vishikio vya Chini

Fundi boti anayeitwa Msasa hamkabidhi mvuvi chombo kipya kabla hajamjaribu. Boti hulazwa kifudifudi karakanani, na kwenye tumbo lake, ambalo mafundi wengine hulilainisha tu, yeye hupigilia vishikio vya mbao.

"Fundi, hivi vitanipunguzia mwendo," mteja alilalamika juzi. "Na boti yangu haina mpango wa kulala hivi."

"Hakuna boti yenye mpango huo. Shika."

"Mzee wangu, nina haraka."

"Shika nikuone, la sivyo kanunue kwingine."

Mteja akashika huku anacheka. Fundi akammwagia maji ya sabuni mikononi, akamvuta miguu kwa nguvu zote. Kicheko kikamkauka.

Jina la Msasa alilipata enzi ambazo boti zake zilikuwa laini kama yai, naye akitamba nazo. Iliyozidi zote kwa ulaini alimtengenezea mwanawe, alipoanza uvuvi. Mtoto hajaonekana mpaka leo. Boti ilirudi peke yake, imepinduka, haina hata ufa. Baba alipoinama kuikagua, alikuta rangi ya tumboni imekwanguliwa kwa kucha, michirizi mingi, yote ikiteremka mpaka ukingoni.