Sentensi Moja, Halafu Nyamaza

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya ukalimani nilivaa viatu vya kanisani, nikafika Makina nachechemea. Ukumbi ulikuwa wa mabati, mitaa miwili nyuma ya msikiti, na akina mama wa pale walikuwa wameshapanga viti vya plastiki. Mratibu wa mradi, mama mwembamba asiyecheka bure, alinikabidhi maiki akaniambia, "Mama Nekesa, hapa hutoi hotuba. Wewe ni paipu tu. Maneno yaingie huku, yatokee kule." Mdomo wangu haujui kutulia, wanaonifahamu wanajua, lakini siku hiyo niliitikia tu.

Mradi wenyewe uliitwa mazungumzo ya jamii. Wafadhili wa ng'ambo waligharamia watu wa mtaa wakutane, wasimulie historia yao, waimbe nyimbo za kwao, wasomewe kitabu kisha wakijadili. Najua wengine mnaona huo ni mchezo kwa vile hakuna unga wala dawa inayogawiwa. Mimi nimewaona wazee wa Makina wakibishana juu ya nani alijenga wapi kwanza mpaka chai ikapoa vikombeni, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Watu wanapenda kuulizwa habari zao, bwana.

Wageni waliokuja kuona kazi hawakujua Kiswahili, ndiyo maana nikaajiriwa. Ukalimani wetu ulikuwa wa zamu. Msemaji anasema sentensi moja, ananyamaza, mkalimani anaigeuza kwa Kiingereza, msemaji anaendelea. Sisi tuliita kukata. Msemaji asiyejua kukata anakumwagia maneno kama ndoo iliyotoboka, na ukifika mwisho umeshasahau mwanzo. Kwa hivyo kabla ya kila mkutano niliwaita wasemaji kando nikawapa sheria yangu: sentensi moja, halafu nyamaza, unitazame. Nikimaliza nitakutikisia kichwa uendelee.

Kutoka Makina nilihamishiwa Kianda, tukawa tunakutana kwenye darasa la shule moja watoto wakishatoka. Huko ndiko nilikojuana na Mama Mutua. Alikuwa mtu wa Kitui, fundi wa kushona sare za shule, mpole, mwenye mikono isiyokaa bila kazi. Moto ulikuwa umeteketeza ploti yao, vyumba vyote vya kupanga. Mutua, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameshatoka nje mzima. Akarudi ndani kuiokoa cherehani ya mamake, paa likamwangukia.

Mara ya kwanza aliposimama kusema alikuja amechelewa, sikuwa nimemfundisha kukata, na hakukata. Alimwaga. Wala hakuanza na moto. Alianza na Mutua mdogo anayeiba sukari kwa kijiko, kisha anasawazisha juu ya kopo ionekane haijaguswa, na mamake anaona kila kitu kutoka kwa cherehani. Akamwigiza anavyotembea. Akaigiza sauti yake akimwita kwa Kikamba kutoka mlangoni, "Mwaitũ, nĩnooka!" yaani mama, nimerudi, na darasa zima likacheka, halafu likalia, halafu likacheka tena. Mimi niliweka maiki chini. Wageni wakabaki wanatutazama bila kuelewa neno, na sikujali hata kidogo. Hiyo ndiyo siku iliyo bora zaidi katika miaka yangu yote ya kazi.

Kesho yake Afisa wa Miradi akaniita. Huyu alikuwa kijana wa ofisi kuu, suti ya kubana, simu mbili.

"Mathe, ile stori ni kali," akasema. "Lakini ni ndefu, na wageni hawakupata kitu. Hiyo ya sukari itoke. Aanze na, Mutua alikuwa kijana mwenye bidii. Halafu moto. Na pale kwa cherehani asimame kidogo, iingie."

"Iingie wapi?"

"Kwa watu, mathe. Iingie kwa watu."

Ati iingie! Nilimwambia kwamba watu walicheka na kulia bila yeye kuwapimia. Akanijibu kwamba kicheko hakiandikiki kwenye ripoti. Alikuwa mkubwa wangu ijapokuwa ningeweza kumzaa, kwa hivyo Mama Mutua akafundishwa. Alishika haraka, maana alikuwa mtu wa kipimo, na muda si muda akawa msemaji mzuri kuliko wote niliowahi kuwatafsiria. Kila wageni walipokuja aliitwa yeye. Alivaa kitenge chake cha kijani, akasimama wima, akasema sentensi, akanitazama, nikageuza, nikamtikisia kichwa. Wageni wakafuta machozi mahali palepale pa kufuta.

Mwanzoni alisema anajisikia mwepesi. Halafu jioni moja, tukiwa tunakunja nyaya za spika, akanishika mkono.

"Mama Nekesa, kuna kitu kinaniogopesha. Siku hizi nikitaka kumkumbuka Mutua, ananijia na maneno ya hapa. Nikimtafuta uso napata moto peke yake. Ile sauti yake ya mlangoni siisikii tena."

"Basi acha kusema. Kaa nyumbani, wakuite mpaka wachoke."

"Nikiacha, nani atamtaja? Hana mke, hana mtoto. Ako na mimi tu na hii maiki."

Woi. Asubuhi nilienda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mzee mstaarabu, tai kila siku, anakukaribisha chai kabla hujaketi. Nikamweleza yote. Akanisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Mama Nekesa," akasema, "wataalamu wanatuambia mtu hupona kwa kusimulia."

"Mimi ndiye ninayesimama kando yake. Haponi. Mtoto anamwishia mdomoni."

"Wewe umeajiriwa kutafsiri yanayosemwa. Hayo mengine tuachie."

"Basi mwacheni aseme anavyotaka!"

Nilipaza sauti, na mlango ulikuwa wazi. Wiki iliyofuata nikapelekwa Kawangware. Barua ilisema naenda kuimarisha kazi ya huko, lakini kila mtu ofisini alijua nimefukuzwa Kianda.

Kawangware nilipapenda, nisiseme uongo. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa karibu na soko, na wengi walikuwa watu wetu wa magharibi. Kulikuwa na ngoma za isukuti mpaka vumbi likapanda, na wamama wa mboga walikuwa wanaacha vibanda vyao kuja kubishana juu ya kitabu. Nilianza kusahau hasira yangu. Kisha ikaja ile siku kubwa ya utamaduni, mahema uwanjani, wageni kutoka ng'ambo, na msemaji mkuu akashuka kwenye gari la ofisi. Alikuwa Mama Mutua na kitenge chake cha kijani.

Tulikumbatiana. Alikuwa amekonda. Akapanda jukwaani, nami nikapanda kando yake, tukaanza zamu yetu kama zamani. Chini ya jukwaa vijana walikuwa wanarusha mkutano moja kwa moja mtandaoni kwa simu. Tulipokaribia ule mstari, mmoja akamgusa mwenzake akasema, "Shika vizuri, sasa anafika kwa cherehani." Alikuwa ameshaiona mtandaoni video ya Kianda. Mama Mutua alimsikia, maana alimtazama. Kisha akasema, "Akarudi kuchukua cherehani yangu," akanyamaza kwa kipimo kilekile, simu zote zikiwa juu. Nilitafsiri sauti ikinitetemeka, na watu wakadhani ni uchungu. Ilikuwa hasira, haki ya Mungu.

Muda mfupi baadaye wafadhili wakabadilisha mada, ikawa ni mabadiliko ya tabianchi. Nikauliza ofisini kuhusu Mama Mutua. Mkurugenzi akasema kwa upole wake kwamba hadithi yake imeshazoeleka. Hawakumuaga wala kumpigia simu. Mimi mwenyewe nilistaafu baada ya hapo, nikapewa saa ya ukutani na soda, nikarudi kwa nyumba yangu Riruta kufuga kuku.

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii mnaniuliza siri ya mkalimani mzuri. Jueni lugha zenu, vaeni viatu laini, msinywe maji mengi kabla ya mkutano. Lakini yule anayesema kando yako, mwangalie akishashuka jukwaani. Maneno unayageuza wewe, na anayebaki nayo ni yeye. Hilo sikufundishwa na mkubwa yeyote, na ningelijua mapema ningepiga kelele zaidi ya nilizopiga.

Mwezi uliopita Mama Mutua alinitembelea. Sikuwa nimemwona tangu uwanjani. Nikampikia chai ya maziwa, tukaketi jikoni, mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka. Akasema hakuna mtu anayemuuliza tena habari za mtoto wake, na majirani wapya hawajui hata kwa nini anaitwa Mama Mutua. Nikamwambia, "Leo tuko wawili tu. Nipe habari zake, zozote, upendavyo."

Akaweka kikombe chini. Akanyoosha mgongo.

"Mutua alikuwa kijana mwenye bidii," akasema, akanyamaza, akanitazama.

"Endelea, dada. Niko."

Hakuendelea. Midomo ilikuwa inatafuta, na macho yalikuwa yananisubiri. Nikamshika mkono, nikamwambia hapa hakuna wageni, sema tu. Akajaribu tena, na yakatoka maneno yaleyale, yakakoma palepale. Nikaona uso unaanza kumvunjika kwa aibu. Basi nikafanya nilichoweza. Nikaigeuza ile sentensi kwa Kiingereza, hapo jikoni kwangu, kisha nikamtikisia kichwa.

Ndipo akaendelea. Tulienda hivyo hadi mwisho, sentensi yake, sentensi yangu. Alipomaliza akapangusa meza kwa kiganja, akaniuliza polepole kama ameongea vizuri.

"Umeongea vizuri sana," nikamwambia.

Akashukuru, akamaliza chai yake.