Mraba Mtupu wa Mama

Jirani zake walimwita Makorokoro, na jina halikumwonea. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, lakini mafaili aliyarundika pamoja, mchele na pumba: ya duka la dawa, ya kituo cha mabasi, ya mama yake. Karibu yote yaliitwa "mpya".

Ya mama ndiyo yaliyokuwa na uzito. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, na mwanawe akamtengenezea programu ya picha zilizopangwa katika miraba kwenye tableti. Akigusa picha ya maji, sauti ya binti yake wa mwisho husema, "Naomba maji." Asubuhi moja aligusa maji, tableti ikatangaza, "Abiria wote mnaombwa kupanda." Makorokoro aliangua kicheko. Mama akageukia ukutani.

"Kaka, hana maneno mengine," mdogo wake, yule mwenye sauti ya tableti, alisema taratibu. "Ukiyachanganya, umemfunga mdomo."

Aibu ilimshika. Mchana, mvua ikinyesha bila haraka, alikaa miguuni pa kitanda cha mama, akafungua kihariri, ile programu anayoandikia kazi zake, akaanzisha mradi mpya. Mradi ni kama chumba: unachokitia humo hukaa pamoja, na ukiufungua huoni vya jirani. Alihamisha picha, sauti na mistari ya programu, kimoja baada ya kingine. Usingizi mwepesi ulimjia, ukaondoka, ukarudi. Kando ya skrini yalibaki mafaili ya mama peke yake, na katika nusu ndoto alimsikia akisimulia kama zamani, akizunguka mbuyu, akipotea makusudi ili hadithi isiishe. Alimkumbuka mno, ingawa alikuwa pale pale.

"Umebaki mraba mmoja mtupu, mama. Tuweke nini? Redio?"

Mama alitikisa kichwa, akaanza kuinua mkono.

"Blanketi? Dirisha? Au wageni wakuchoshao waende zao?"

Mkono ulifika, ukamziba mdomo, ukatulia hapo.

Ndipo alipoelewa. Siku zote hizo, mama alipokuwa akitafuta picha ya pili, wao walikwisha kuijibu ya kwanza na kuondoka. Na yeye mwanawe ndiye aliyekuwa mwepesi wa kujibu kuliko wote.

Akamwita mdogo wake, akarekodi sauti yake, akaitia ndani ya mradi. Mama akagusa mraba.

"Ngoja, sijamaliza."

Kisha kidole kikaanza safari kuelekea picha nyingine, na mwanawe akangoja.