Mpangaji Wangu na Mtandao Wake

Mpangaji wa chumba changu cha mbele, hapa Tangini, ana sugu kwenye vidole gumba kwa kucheza mpira wa mtandaoni. Mchezaji wake akiganda, hupita milangoni akisema kwa upole, "Mama, zima simu kidogo, tunagombania mtandao." Ametoboa hata dirisha langu apitishe waya, eti mtandao wa waya hauchelewi. Nilikubali kwa sababu aliahidi nami nitumie mtandao huo kuongea na binti yangu, Modesta. Jana Modesta alipiga simu ya video kutoka Masaki, Kisarawe, anionyeshe mjukuu ambaye sijawahi kumwona. Likatokea paji la uso, picha ikakatika. Mpangaji alikuwa amenitoa kwenye mtandao. Akachungulia mlangoni anacheka. "Mama, sasa hakigandi kitu! Nimewafunga tatu bila."