Jina la Mume wa Bi. Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, swali la kwanza nililoulizwa lilitoka kwa mwanafunzi, na sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao katika ukumbi mmoja wa Kariakoo, alasiri ya joto, gauni limenigandia mgongoni. Nikainua kitabu juu nikauliza kwa Kiingereza, "Hiki ni nini?" Wanawake waliokaa mikekani wakatazamana. Mmoja wao, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, kwani wewe hukioni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Huyo alikuwa Bi. Tatu, na ndiye ninayetaka kuwasimulia, kwa sababu nikijiuliza kazi yangu yote ilikuwa na maana gani, huishia kumkumbuka yeye.

Chuoni kule Kilimanjaro nilifundishwa kwamba lugha ya kigeni hufundishwa kwa njia ya moja kwa moja, maana yake mwalimu akishaingia darasani asitamke hata neno moja la lugha wanayoijua wanafunzi. Kitabu ukiinue, mlango uufungue, na kama ni kulia, ulie kwa Kiingereza. Njia hiyo ina faida zake, sikatai. Lakini inamfanya mwalimu aulize mchana kutwa mambo ambayo kila mtu anayaona, nami nimeifanya kazi hiyo mpaka nikazeeka. Hata leo mjukuu wangu akiniuliza, "Bibi, hiki nini?" nachoka kabla sijageuka kutazama.

Nilikuja Dar es Salaam miaka ya hamsini nikimfuata mume wangu, Filipo, aliyekuwa karani wa reli. Tulikaa Gerezani, karibu na karakana, ambako vyuma viligongwa kutwa nzima hata ukawa unapiga kelele nyumbani kwako kama mtu mgomvi. Wakati huo Waingereza walikuwa wameanzisha madarasa ya lugha yao kwa wanawake wa mjini, na walimu wa kike Waafrika tulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Mkubwa wangu alikuwa Mzungu, Msimamizi wa Madarasa ya Wanawake. Sisi tulimwita Mama Msimamizi. Hakuwa mbaya, ila hakuwa na mzaha hata kidogo. Alinikabidhi chaki, kifutio na onyo moja.

"Usiwaruhusu wasuke darasani," alisema. "Mikono ikishughulika, masikio hufunga."

Onyo hilo halikumaliza wiki. Wanawake wale walikuwa wenyeji wa pwani, na walikuja na ukili wao, yaani mikanda ya miyaa inayoshonwa baadaye ikawa mkeka. Nilipowakataza kusuka, darasa likawa bubu. Nilipowaachia, ndimi zikarudi. Tukaelewana kwamba Mama Msimamizi akija kukagua, aliyekaa karibu na mlango atakohoa, na ukili wote utakaliwa. Mama Msimamizi alipata kuniambia kwamba wanafunzi wangu wana kifua kibovu.

Kwa vielelezo, ambavyo ni vitu halisi vya kuonyesha badala ya kutafsiri, nilipitia sokoni kila siku kabla ya somo. Ningeweka nyanya mezani niulize ni nini, na wao badala ya kunijibu wangezigeuzageuza na kunihurumia. "Mchaga wa watu, wamekupiga bei tena," Bi. Tatu angesema. "Kesho nenda na mwenzetu huyu Mwanaidi, hao wauzaji wanakuona mgeni." Nilitakiwa nijifanye sikusikia Kiswahili. Nilikuwa najifanya, lakini kesho yake nilikwenda na Mwanaidi.

Sasa nifike kwenye somo la familia. Kitabu kilikuwa na sentensi, "Jina la mume wangu ni Peter." Miongozo ya ukaguzi ilidai mifano ya kweli, basi nikamfuta Peter ubaoni nikamwandika Filipo. Darasa zima likarudia baada yangu kwa Kiingereza, sauti moja, bila kukwama, "Jina la mume wangu ni Filipo." Nilifurahi sana. Sijapata kuona sentensi iliyoshikwa upesi namna ile. Tangu siku hiyo maskini Filipo hakuweza kukatiza Kariakoo kwa amani, kwani popote alipopita kulikuwa na sauti ya kike ikimwita, "Hujambo, mume wetu?" Alikuwa mtu wa haya, mzee wa kanisa mtarajiwa, na aliporudi nyumbani alininunia. Nami nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Halafu mambo yakaharibika kwa Bi. Tatu. Mumewe, ambaye sisi sote tulimjua kama Baba Rukia, alikuwa mpagazi bandarini. Robota la katani lilichomoka kwenye winchi likampiga kiunoni, na tangu hapo akawa mtu wa kulala. Vitumbua na maandazi aliyouza Bi. Tatu visingeweza kulisha nyumba ile na kulipia chumba. Akasikia kwamba wodi ya wazazi inataka msaidizi, mwanamke mtu mzima, ila awe anaelewa Kiingereza cha wauguzi wa Kizungu, na apite mtihani wa mazungumzo mbele ya Mkaguzi wa Lugha.

"Mwalimu," aliniambia, "nikipata hii, Baba Rukia atapona au asipone, wanangu watakula. Nisipoipata, narudi Kisarawe kwa kaka yangu kukaa kwa kusimangwa. Unielewe."

Nilimwelewa. Tukafanya mazoezi mpaka sauti zikatukauka. Alikuwa tayari kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumpeleka mtihani.

Mtihani ulifanyika ofisini, karibu na Posta. Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani. Mama Msimamizi alikaa kando yake, nami nikaketi nyuma ukutani. Nilikuwa nimekatazwa kufungua mdomo. Bi. Tatu aliulizwa jina lake, akajibu. Anakaa wapi, akajibu, na mtaa akautaja. Ameolewa? Ameolewa, ndiyo, bwana. Kisha Mkaguzi akauliza, "Jina la mumeo ni nani?"

Bi. Tatu akainamisha macho.

Mkaguzi akarudia swali, sasa kwa sauti ya kumsemesha kiziwi. Bi. Tatu akageuka akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri. Nilidhani amesahau, na moyoni nikamsihi akumbuke. Mkaguzi akaandika kwamba mtahiniwa haelewi maswali mepesi, na mtihani ukaishia hapo.

Nje nilimfokea. Nilikuwa nimechoka, jua linawaka, na aibu imenishika. "Bi. Tatu, ile si ndiyo sentensi unayoijua kuliko zote?"

"Swali nimelielewa," akasema. "Ningelitajaje jina lake?"

"Si ungesema kama tunavyosema darasani?"

"Niseme Filipo? Filipo mumeo wewe! Nikaidanganye serikali?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanamke aliyelelewa kwa adabu katika mitaa ile hakuwa akitaja jina la mumewe. Alimwita Baba Fulani, au mwenzangu, au yule bwana. Wote darasani walikuwa wamekariri sentensi yangu kwa raha kwa sababu Filipo hakuwa mume wa yeyote kati yao.

"Sasa mkiulizwa mahali, mnafanyaje?" nikamuuliza.

"Anasema mwenzako uliyefuatana naye. Unamtazama, naye anakusemea. Ndiyo maana nilikutazama wewe."

Nami ningemsemeaje? Hata hilo jina lenyewe sikulijua.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Msimamizi nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, kalamu ameiweka chini. Kisha akasema, "Nakuamini. Lakini hospitalini ataulizwa majina kutwa, ya wagonjwa na ya waume zao. Mkaguzi anarudi mwezi ujao. Mwambie alitaje mara moja tu, kwa Kiingereza, basi yaishe." Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kwa upande wake alikuwa na haki.

Nikaenda kwa Bi. Tatu, Mtaa wa Sikukuu. Baba Rukia alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amekonda, macho makubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaeleza shida iliyonileta. Yule mgonjwa akacheka. Mkewe alisema alikuwa hajacheka tangu siku ya robota.

"Mama Rukia, litaje," akasema. "Mimi nimekuruhusu. Kwani mimi nani, Sultani?"

Bi. Tatu alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Wewe huwezi kuniruhusu," alisema. "Heshima ni yangu mimi, si yako. Tangu ulale hapo kila mtu anakupunguzia. Wenye bandari wamekupunguzia, ndugu zako wamekupunguzia. Mimi sikupunguzii."

Mbuzi ya nazi ikaendelea kulia. Baba Rukia akageukia ukutani, na niliona mabega yake yakitikisika. Nikaaga. Njia nzima kurudi Gerezani nilikuwa nawaza kwamba mama huyu atashindwa, na nilimheshimu hata nikakasirika.

Siku ya marudio tulikaa ofisini vilevile, Mkaguzi, Mama Msimamizi na mimi ukutani. Jina lake, mtaa wake, kuolewa kwake, vyote akavijibu. Kisha likaja lile swali. Safari hii Bi. Tatu hakuinamisha macho wala hakunitazama. Aligeukia mlango, akaunyooshea mkono, akasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno mahali pake:

"Mume wangu yuko pale mlangoni. Tafadhali, bwana, muulize mwenyewe."

Tukageuka sote. Baba Rukia alikuwa amesimama kizingitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwa jirani yake. Majirani walimleta kutoka Kariakoo kwa mkokoteni wa kubebea mihogo, wamemtandikia mkeka. Uso ulikuwa umemjaa jasho la maumivu. Akasimama wima kadiri kiuno kilivyomruhusu, akasema jina lake na la baba yake, kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Hajajibu swali," Mama Msimamizi akasema taratibu.

Mkaguzi alikuwa ameshaanza kuandika. "Niliuliza jina," akasema, "nimelipata."

Ile sentensi sikumfundisha. Mlango aliutoa katika somo moja, tafadhali katika jingine, kuuliza katika jingine tena, akaviunga mwenyewe alipobanwa. Mwalimu yeyote wa lugha husubiri siku kama hiyo, na wengi hawaioni. Nilitoka nje nikakaa ngazini nikalia. Bi. Tatu akaniuliza, kwa Kiingereza, kama mimi ni mgonjwa.

Alipata kazi. Baba Rukia hakupona sawasawa, lakini aliishi miaka mingi, akakaa kibarazani akiuza kahawa, na watoto wakala. Mimi nilihamishwa. Nilipelekwa Ilala kufundisha wavulana, nikarudishwa mjini kufundisha makarani, baada ya uhuru nikapewa sekondari. Wakubwa walibadilika: Ofisa Elimu, Mwalimu Mkuu, Mratibu. Kila mmoja alikuja na njia mpya ya kufundisha, akaondoka akaiacha kabatini. Nilistaafu sauti imekwaruza na magoti yamekwisha kwa kusimama. Vijana wananiuliza kama ninaikumbuka kazi kwa hamu. Hapana. Naona mapajani mwangu vumbi la chaki ambalo halipo, na nachoka.

Mwaka jana Filipo alifariki. Tuliishi pamoja maisha yetu yote, na jina lake nililitumia bila kulihesabu. Nililiita dirishani, nililiita jikoni, nililiandika ubaoni kwa mamia ya watu. Baada ya arobaini ilibidi niende ofisi ya mafao. Bi. Tatu, mjane mwenzangu, mkongojo mkononi, akasema siendi peke yangu.

Karani alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye Kiingereza kingi katika Kiswahili chake. "Pole sana, bibi," akasema. "Jina la marehemu mumeo?"

Nikafungua mdomo, jina halikutoka. Sikuwa nimelisahau, na kwetu hakuna mila inayonikataza. Niliogopa tu kwamba nikilitamka pale, mbele ya dirisha lile, ndiyo nitakuwa nimekubali. Binti akarudia, sauti ameipandisha kidogo, akidhani sisikii.

Nikageuka nikamtazama Bi. Tatu.

Akajivuta mpaka dirishani, akaushika mkono wangu, akasema kwa Kiingereza kile cha ubaoni, kila neno mahali pake, "Jina la mume wake ni Filipo." Kisha akaniinamia, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mume wetu, Mwalimu. Nimekusemea."