Firigisi na Rula

Mimi na mke wangu tuliandikwa kazi siku moja, shamba moja, nje kidogo ya Kitale. Sote tulikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama zile zile, alama ambazo mtu hatundiki ukutani. Msimamizi alitazama mikono yetu. Ya mke wangu ilikuwa myembamba, akapelekwa kwenye maua. Yangu alipoiona alisema, "Wewe, kabichi."

Ni hivyo tu. Tangu siku hiyo seng'enge imepita katikati ya ndoa yangu. Upande wake waridi linakatwa, linapimwa, linalazwa kwenye chumba baridi, kesho kutwa liko Ulaya. Upande wangu kabichi inarushwa kwenye pikapu, na kabla ya saa nne iko sokoni Kitale ikipigwa na jua na kutukanwa na wateja. Jasho letu lilinuka sawa, lakini mshahara wake ulikuwa mara mbili ya wangu.

"Kwani waridi huliwa?" nilimuuliza msimamizi.

"Haliliwi," akasema. "Ndiyo maana ni ghali."

Sikukasirika. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka kazini nataka kiti changu, redio yangu na chai. Ila nilianza kufuatilia mapenzi ya watu nisiowajua. Mwezi wa pili ukikaribia, watu wa ng'ambo wakipendana, mke wangu anapata saa za ziada na sisi tunakula nyama. Wakinuniana tunakula kabichi, tena ile iliyooza upande mmoja. Kanisani mchungaji alipouliza nani ana ombi, nilisimama nikawaombea wapenzi wa Ulaya wavumiliane. Alinitazama sana. Alisema amina, lakini ya chini chini.

Shida ilinipata Bungoma, kwa wakwe zangu. Kule mkwe akija huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Asipoiona kwenye sahani haambiwi neno. Anajua tu ameshushwa. Kwa miaka kumi na moja nilikula firigisi za boma lile bila mpinzani. Ndicho cheo pekee nilichowahi kushika.

Safari hiyo mke wangu aliwapelekea wazazi wake taa za sola. Mimi nilibeba kabichi nne. Chakula kililetwa na shemeji, mdogo wake mke wangu, kwa kuwa mimi na mama mkwe kwa heshima hatuonani: yeye hukaa jikoni na kuongea kupitia ukuta. Nikageuza nyama zangu. Paja. Shingo. Nikageuza tena. Mgongo. Kuinua macho, firigisi hiyo kwenye sahani ya mke wangu, imekaa juu ya ugali kama mwenyekiti wa mkutano.

"Shemeji," nikasema kwa upole, "hizi sahani si zimebadilishana?"

"Hapana, shemeji. Firigisi si ni ya mwenye kulisha nyumba? Ama hizo sola zimetoka kwa kabichi?"

"Kabichi inalisha Kitale yote!"

"Sawa, lakini Kitale inalipa ki-Kitale, bana."

Ukuta wa jikoni ukakohoa. "Hebu muulizeni," sauti ya mama mkwe ikasema, "kama kabichi yake imewahi kupanda ndege."

Baba mkwe akaweka kikombe chini. "Tangu nizaliwe sijaona mwanamke akila firigisi," alisema. "Lakini pia sijaona ua likishinda chakula. Kila mtu aeleze kazi yake."

Nikaanza mimi. "Nainama, nakata, nabeba."

"Mimi napima," mke wangu akasema. "Waridi lisipofika sentimita hamsini halipandi ndege."

"Halafu?"

"Basi, baba."

"Na huyu anayeinama anapata nusu ya wewe unayesimama na rula?"

"Nusu."

Mzee akatikisa kichwa. "Na vile nilikuchapa kwa ajili ya hesabu! Kumbe rula ilitosha."

Ugali ulikuwa unapoa. Niliapa moyoni kwamba firigisi ile ikiliwa na mwingine, sitakanyaga Bungoma tena. Kiapo chenyewe kilikuwa chepesi, maana hata Kitale mjini mke wangu hunifikisha kwa kunisukuma.

Mke wangu akafungua mkoba, akatoa rula ya kazini. Akailaza kando ya firigisi, akafumba jicho moja.

"Sentimita nne," akasema. "Hii ni rejekti."

"Ndiyo nini?" baba yake akauliza.

"Haifai soko la nje. Rejekti zote tunauza hapa hapa nyumbani." Akaiokota kwa vidole viwili, akaiweka kwenye sahani yangu. "Baba watoto, soko la nyumbani ni wewe."

Shemeji alicheka mpaka akatoka nje. Nilijua nimetukanwa, tena kwa vipimo. Nikafikiria kuikataa, kama kwa muda wa pumzi moja hivi. Kisha nikaitia chumvi nikaitafuna polepole, nikimtazama shemeji, aliyekuwa amerudi mlangoni, asije akasema hakuona.

"Amekula?" ukuta ukauliza.

"Amekula," baba mkwe akajibu.

"Basi mwongezeeni mkwe mchuzi."