Kiti cha Karibu na Mlango

Kuna mithali moja ya Sulemani ambayo, mnisamehe, siipendi hata kidogo. Ni ile inayokukataza kusimama mahali pa wakubwa, eti afadhali uambiwe panda huku mbele kuliko kushushwa watu wakiona. Papa, baba yangu mzazi, aliipenda kuliko zote. Alikuwa mzee wa kanisa kwetu Rurambo, huko milimani, na jioni tukila ugali alitusomea Mithali. Akifika hapo alivua miwani na kutuangalia mmoja mmoja. "Mumesikia? Muntu anayejishusha, Mungu mwenyewe atamuita." Tukaitika amina, midomo imejaa majani ya sombe.

Mimi niliolewa Uvira. Nilikuwa nimeshuka kusoma, nikakaa kwa baba mdogo, ndugu yake Papa anayemfuata, muuzaji wa mabati na simenti. Sikatai, alinilisha na kunivisha, na siku ya harusi yeye ndiye aliyetafuta sale nzuri ya sherehe karibu na ziwa. Lakini kwetu baba mzazi ndiye anayepokea fimbo ya ng'ombe wa mahari, kisha anamwekea binti mkono kichwani na kumbariki kabla hajaondoka. Mama alikuwa ameshafariki. Wali, samaki wa sambaza, muziki, vyote vingekosekana nisingelia. Nilitaka mkono wa Papa tu.

Papa aliteremka kwa miguu, akalala njiani Runingu kwa jamaa, akafika na koti lake la kanisani na vumbi la njia nzima. Mlangoni walisimama vijana wa protokole wa kupokea wageni, watoto wa mjini wasiomjua. Wakamuuliza, "Mzee, uko upande gani?" Angesema neno moja tu, kwamba ni baba wa bibi harusi! Yeye akasema, "Munitafutie fasi yoyote." Wakamkalisha nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wale waliokuja kula. Akatulia pale akingoja kuitwa. Jamani, aliamini kabisa kwamba ataitwa.

Nami niliingizwa nimefunikwa kitambaa, macho chini. Kwetu bibi harusi anayeangaza macho huku na huku anaambiwa hakulelewa, na akifungua mdomo ndiyo aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo nilitazama viatu. Pale mbele niliona viatu vya baba mdogo vinang'aa, vya mchungaji, vya wakwe. Vya Papa sikuviona. Nikamnong'oneza shangazi aliyekaa ubavuni mwangu, "Papa iko wapi?"

Akanifinya. "Nyamaza weye, watu wanaangalia. Iko nyuma. Amejichagulia mwenyewe."

Ndipo msema chochote akaita kwa mikrofoni: baba wa bibi harusi asimame. Baba mdogo akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akaipokea fimbo. Shangazi alijua. Mchungaji alijua, tena yeye ndiye aliyetufundisha Mithali tangu sande skulu. Ukoo mzima ulikuwa pale mbele, na hakuna aliyekohoa. Kisha nikahisi mkono kichwani, mzito, una pete, unanuka manukato. Maneno yalikuwa mazuri, siwezi kuyatoa kasoro. Nikalia mpaka kitambaa kikalowa, na akina mama wakapiga vigelegele wakisema huyu amelelewa, tazama anavyolia vizuri.

Video ninayo mu telefone mpaka leo. Kamera haikufika nyuma.

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu wa Papa. Eti alikaa nyuma, ndugu zangu, na ni mwenye sherehe! Kanisa likapiga makofi. Nilitamani kusimama nimwulize: na wewe uliyekaa mbele ukimwona, Sulemani hakukuandikia kitu? Unyenyekevu wanauhubiri kwa nani, kama si kwa yule waliyekwisha kumnyang'anya? Sijawahi kusikia ukihubiriwa kwa mwenye mabati. Wanasema aliye juu mngoje chini. Papa alingoja mpaka masahani yakakusanywa.

Siku ile ya harusi nilimpata Papa nje, gari la kunichukua limeshawashwa. Alikuwa amesimama peke yake, anatabasamu na kusalimia kila anayepita. Nikafunua kitambaa, na waseme wanavyotaka. "Papa, kwa nini haukuinuka?"

"Ningeinuka, wangeniuliza minye ni nani. Ulitaka usikie swali hilo siku ya harusi yako?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye mchanga, na nguo yangu nyeupe. "Basi unibariki sasa. Hapa hapa."

Akamtazama ndugu yake, aliyekuwa anacheka na wakwe karibu na gari. Akanishika kiwiko akaninyanyua.

"Umeshabarikiwa, mwanangu," akasema. "Nikirudilia, nitakuwa nimemuaibisha mdogo wangu mbele ya watu."

Akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akangoja niingie garini.