Boga Nililolinyooshea Kidole

Je, kidole cha mtoto wa miaka minane kinaweza kuozesha boga? Swali hilo lilinikaba masika moja nyuma ya nyumba yetu Likoni, wakati mvua ilikuwa imeamsha kila kitu: mchicha, mabamia, na maboga yaliyotambaa hadi juu ya ukuta wa bafu. Harufu ya udongo mbichi iliingia hadi vyumbani. Kila asubuhi nilitoka mbio kabla ya chai, nione kilichochipuka usiku. Bibi alikuwa ameniahidi boga la kwanza: nilipike mwenyewe kwa nazi, liwe futari ya Ramadhani. Sikuwahi kuahidiwa jambo kubwa hivyo.

“Ila boga changa halinyooshewi kidole,” alisema. “Litaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja kidole.”

“Kwani lina macho, Bibi?”

“Lina kukushinda wewe.”

“Uliza tena,” kaka yangu Salim akanichokoza, “utanyimwa hata mbegu.”

Nilitaka kujua, na boga pia nililitaka. Chini ya majani palikuwa na maua mawili yasiyofunguka bado, kila moja limekalia kiboga kidogo kama gololi. Moja nikalifunika kwa kifuu cha nazi, lisionwe na mtu; hilo ndilo la futari. La pili nikalinyooshea kidole kila siku.

Siku nilipoinua kifuu, kiboga changu kilikuwa cha njano, kimelegea, kikanibakia mkononi. Kile cha pili kilikuwa kimefikia ngumi yangu, kijani, kinang’aa. Nikamwita Bibi kwa kelele. Akaja na mwiko.

“Nimelinyooshea, na limekua!”

Akalitazama, akanitazama. “Basi kidole chako hakina kazi. Ndiyo maana hata mchele kinashindwa kuchagua.”

Salim alicheka hadi akakaa chini. Lakini Ramadhani ilipofika, niliyepika boga ni mimi, na yeye alilamba sahani.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nimeumbua uongo, ila kwa nini lile la kifuuni lilioza sikujua. Sasa naishi ghorofani Kiembeni, na boga langu nimelipanda ndooni, kwenye roshani. Vilipoanza kudondoka viboga, nikasoma, ndipo nikajua: ua la kike la boga hufunguka asubuhi moja tu, na nyuki asipoliletea unga wa ua dume asubuhi hiyo, kiboga hufa. Kifuu changu kilimfungia nyuki mlango. Huku juu nyuki hawafiki, kwa hiyo alfajiri nauchukua unga huo mwenyewe na kuupaka ndani ya ua, kwa kidole kilekile.